Morogoro hadi Karagwe: njia ya kukusanya damu ya ng'ombe wa asili kwa ajili ya kusoma jenomu

Kabla ya kuondoka

Safari hii ilikuwa ya kukusanya damu ya ng'ombe wa asili: Boran na Mpwapwa mkoani Dodoma, zebu (ng'ombe wenye nundu) wa pembe fupi wa Mkalama mkoani Singida, na Ankole wa Karagwe mkoani Kagera. Maelezo haya yametolewa kwenye daftari la njiani na picha za simu. Watu wengi wakisikia utafiti wa jenomu, yaani DNA yote ya mnyama, huulizia mashine ya kuisoma. Mashine siyo tatizo, unalipa, inasoma. Data huharibikia zizini, au ndani ya gari, siku nyingi kabla haijafika maabara.

Anza na makaratasi. Kibali cha utafiti hutoka COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia), na chuo au taasisi yako itoe barua ya maadili ya kushughulika na wanyama. Kutoka hapo barua hushuka ngazi kwa ngazi: katibu tawala wa mkoa, mkurugenzi wa halmashauri, afisa mifugo wa wilaya, wa kata, hadi mtendaji wa kijiji. Kila ofisi hugonga muhuri na kuandika barua ya kwenda ofisi inayofuata. Ukifika wilayani Ijumaa mchana mwenye muhuri akiwa ameshatoka, unangoja Jumatatu. Toa nakala za kutosha mjini, maana huko mbele umeme ukikatika hata karatasi moja hutoi.

Kwa kila ng'ombe 100, beba mirija 130 ya mililita 10 yenye kifuniko cha zambarau. Hiyo 30 ya ziada siyo ubadhirifu. Mrija huvuta damu kwa sababu ndani hauna hewa. Ng'ombe akitikisa shingo sindano ikatoka nje ya ngozi, mrija unavuta hewa na kazi yake imekwisha. Kifuniko cha zambarau maana yake ndani kuna EDTA inayozuia damu kuganda. Usikubali mirija ya kijani eti kwa kuwa ndiyo iliyopo stoo: ile ina heparini, na heparini huzuia PCR, ile hatua ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi. Sindano namba 18, moja kwa kila ng'ombe. Dumu tupu la lita 5 lenye kifuniko la kutupia sindano. Spiriti ya asilimia 70, pamba, glovu, kadi za FTA (karatasi maalumu za kukaushia damu), bahasha za karatasi, pakiti za silika, kamba, na penseli nyingi kuliko kalamu.

Sababu ya penseli: wino wa kalamu inayodaiwa kutofutika hufutwa na spiriti. Tone moja likidondokea kwenye mrija namba 37, inabaki 3, au haibaki kitu. Lebo zilizochapishwa kabla, za kustahimili baridi, ni bora zaidi, na zibandikwe kwenye mirija usiku wa kuamkia kazi, siyo ng'ombe akiwa ameshashikwa.

Jumatatu: Morogoro – Kongwa

Gari lilitoka saa 11 alfajiri. Dizeli ilikuwa juu kidogo ya shilingi 3,000 kwa lita, na Land Cruiser iliyobeba watu na mizigo ilikula karibu lita 14 kwa kilomita 100, kwa hiyo mafuta ndiyo yaliyomeza bajeti kuliko kitu kingine chochote. Dumila tulipita bado giza. Gairo tukanywa supu na chapati, shilingi 4,000 kwa mtu. Kati ya hapo na Mbande jihadhari na matrafiki wa tochi. Kila kijiji kina kibao cha 50, na vijiji vimefuatana.

Mbande unaacha barabara ya Dodoma na kushika ya Kongwa na Mpwapwa. Mchana wote uliobaki uliishia ofisini kwa mifugo, kusalimia na kupanga ratiba. Haya ni sehemu ya kazi. Afisa mifugo wa kata ndiye anayejua nani ana dume la kununua, nani amehimilisha kwa mbegu za Friesian, ng'ombe wa maziwa wa Ulaya, na nani ameuziwa mitamba na jirani. Bila yeye utatoa damu kwa ng'ombe 40 ambao kumbe ni watoto wa dume mmoja.

Gesti ilikuwa shilingi 25,000, maji ya ndoo, umeme upo. Kabla ya kulipa chumba, uliza kama kuna friza hapo au jirani, maana chupa za maji zilizoganda ndizo zitakazobeba kazi ya kesho.

Jumanne: Boran wa Kongwa, kisha Mpwapwa

Kwenye ranchi kazi ni nyepesi kwa mikono na ngumu kwa kichwa. Kuna njia nyembamba ya chuma ya kumbana ng'ombe, kuna vijana waliozoea, na ndani ya asubuhi moja unaweza kutoa damu kwa ng'ombe 40. Ugumu uko kwenye undugu. Dume mmoja wa ranchi anaweza kuwa baba wa nusu ya kundi. Ukitaka kujua utofauti wa vinasaba ndani ya aina, chukua wasiochangia baba wala mama, na ikiwezekana wala babu. Daftari la ranchi lina namba za hereni za madume. Tumia saa nzima mezani na karani kabla hujashika sindano. Karani wa hapo alitufungulia madaftari ya miaka ya nyuma bila kudai chochote, akakaa nasi hadi mwisho akipiga mstari kwenye majina yaliyojirudia. Orodha ilipungua karibu nusu.

Boran wana sababu ya pekee ya kutafutwa. Mwaka 2022 watafiti walitangaza kwamba tofauti katika jeni iitwayo FAF1B, iliyoonekana katika ukoo wa Boran nchini Kenya, inaambatana na uwezo wa kuhimili ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe unaomaliza ndama katika ukanda wetu. Ndigana kali huletwa na kimelea Theileria parva, na huenezwa na kupe wa kahawia wa masikioni. Ukiwa na damu ya Boran wa Kongwa unaweza kuangalia kama tofauti hiyo ipo huku au la, na kazi hiyo haihitaji jenomu nzima. PCR ya kipande kimoja inatosha.

Namna ya kutoa: kichwa kivutwe upande na kamba, shingo inyooke. Bonyeza mfereji wa shingo kwa kidole gumba chini ya katikati, mshipa utajaa juu ya kidole. Safisha kwa spiriti na usubiri ikauke, maana spiriti mbichi huchoma na kuvunja seli. Ingiza sindano kwa mlalo, ukiona damu unasukuma mrija. Ukijaa, upindue taratibu mara 8 hadi 10. Usiutikise. Mtu akiutikisa mrija kama chupa ya dawa, chembe nyekundu hupasuka, plazima (maji ya damu) inageuka nyekundu, na baadaye huwezi kutenganisha tabaka la seli nyeupe. Nalo tabaka hilo ndilo lenye mali, kwa sababu chembe nyekundu za mamalia hazina kiini, hivyo hazina DNA ya kusoma.

Sindano moja ng'ombe mmoja, hata kama zimebaki chache. Ndigana baridi huhama kwa sindano iliyorudiwa, na mfugaji akipoteza ng'ombe wiki mbili baada ya ugeni wenu, kijiji kile kimefungwa kwa watafiti wote watakaokuja.

Mchana tukaingia Mpwapwa, ambako ng'ombe wenye jina la mji huo walizalishwa kwa kuchanganya zebu wa hapa na Sahiwal na Red Sindhi (zebu wa Asia), Boran na damu kidogo ya Ulaya. Kwa mtu wa jenomu hawa ni kipimo kizuri: historia ya mchanganyiko wao imeandikwa, kwa hiyo hesabu yako ya asilimia za asili ikitoa jibu la ajabu kwa Mpwapwa, kosa liko kwenye hesabu.

Sampuli za RNA zilichukuliwa huku tu. RNA, zile nakala zinazoonyesha jeni zipi zinafanya kazi, haingoji. Damu ikikaa kwenye mrija saa chache, seli zenyewe hubadilisha jeni zinazowaka na kuzimika, na utakachopima ni msukosuko wa mrija badala ya hali ya ng'ombe. Tulizungusha damu kwenye mashine ndogo iliyounganishwa na inveta ya gari, dakika 15, injini ikiunguruma, tukanyonya tabaka jeupe na kulitumbukiza kwenye naitrojeni kimiminika. Inveta iwe na nguvu angalau mara mbili ya ile iliyoandikwa kwenye mashine, kwa sababu mashine ikianza kuzunguka huvuta umeme mwingi kwa mpigo, na inveta ndogo hujizima hapo hapo.

*Kwa wanaofuata:* kama unahitaji DNA peke yake, acha mtungi wa naitrojeni nyumbani. Ni mzito na unataka kujazwa. Tena ni hatari ndani ya gari lililofungwa vioo: lita moja ikichemka hutoa karibu lita 700 za gesi inayofukuza hewa ya kupumua. Ukilazimika kuubeba, ufungwe wima, kifuniko chake kisizibwe kwa nguvu, na dirisha libaki wazi hata kwenye vumbi.

Jumatano: Mpwapwa – Dodoma – Singida

Dodoma tulisimama kujaza naitrojeni kituo cha uhimilishaji. Kipimo ni kijiti kikavu: kitumbukize hadi chini, kitoe, kipunge hewani, na ule ukungu mweupe unaoganda ndio kina chako. Askari wawili njiani waliuliza kuhusu mtungi. Barua ya afisa mifugo wa wilaya inayotaja idadi ya sampuli na zinakokwenda ilimaliza maswali ndani ya dakika mbili.

Baada ya Manyoni barabara ni lami safi na hakuna cha kusimulia.

Singida ni kuku. Wa kienyeji, na ugali wa mtama, nusu kuku ilikuwa shilingi 12,000. Waliokuja kwa ajili ya vinasaba vya kuku wajue kanuni inageuka: chembe nyekundu za ndege zina kiini. Matone mawili ya damu kutoka mshipa wa bawa yana DNA ya kutosha kwa kazi nyingi. Anayetumia kipimo cha ng'ombe, mikrolita 200, kwenye kichujio cha maabara huziba kichujio kwa ute wa DNA na kudhani kemikali zimeharibika. Punguza hadi mikrolita 5 au 10.

Alhamisi: Mkalama, siku ya josho

Tuliacha lami na kushika njia ya Nduguti. Vumbi jekundu, makorongo, madaraja membamba. Masanduku ya barafu yafungwe kwa kamba na yasilale juu ya kiti cha nyuma, kule gari linakorukaruka zaidi.

Josho ndiyo siri ya kufanya kazi vijijini. Siku ya kuogesha, wafugaji wa vitongoji vingi huleta ng'ombe mahali pamoja, na njia nyembamba ya kuwabana ipo tayari. Kwa asubuhi moja unapata makundi ambayo ungeyafuata boma kwa boma kwa wiki. Tulichukua wawili tu kwa kila mfugaji, tukaweka lengo la ng'ombe 40 kwa aina nzima. Damu itolewe kabla ng'ombe hajaruka kwenye maji ya dawa. Akishaoga, shingo inatiririka dawa ya kupe, na dawa hiyo hushuka na sindano hadi ndani ya mrija.

Mkutano kabla ya kazi ulichukua saa moja na nusu, na kila dakika ilikuwa na faida. Mzee mmoja aliuliza swali la kila kijiji: "Damu ya ng'ombe wetu inakwenda wapi, na nani atakula faida?" Mwingine alitaka kujua kama hii ni sensa ya kodi. Majibu yawe mafupi na ya kweli: itasomwa maabara, jina la mtu halitatokea kwenye data, haitauzwa, na majibu yatarudi. Anayetoa ruhusa ni mwenye ng'ombe. Kijana mchungaji wa miaka 12 hawezi kuruhusu hata kama yeye ndiye amemshika kamba. Badala ya fedha tulitoa dawa ya minyoo kwa ng'ombe waliotolewa damu, na afisa mifugo ndiye aliyenywesha.

Wale ng'ombe wa rangi ya udongo mkavu, wadogo, wenye nundu iliyosimama, wanajulikana kwenye vitabu kama Mkalama Dun. Wa jirani, weupe, ni Singida White. Wote ni zebu wa pembe fupi, na kutenganisha kwa rangi ndiko kunakoleta mzozo: je, hizi ni aina mbili au kundi moja lenye rangi mbili? Mtu mwenye damu ya pande zote, iliyochukuliwa kwa utaratibu mmoja, anaweza kujibu. Anayechukua weupe ranchini na wa udongo kijijini atapata tofauti kubwa sana, na itakuwa tofauti ya ranchi na kijiji.

Kwa kila ng'ombe ilijazwa safu moja ya fomu: namba ya mrija, namba ya GPS, jinsia, umri kwa meno, mzunguko wa kifua kwa utepe, rangi, nundu, pembe, ametoka wapi, baba yake alikuwa wa nani, na kama kuna uhimilishaji kwenye ukoo. Kisha picha tatu, ubavu, uso na lebo ya mrija mbele ya ng'ombe huyo huyo. Picha ya lebo huokoa maisha. Miezi mitatu baadaye hesabu ikisema mrija fulani ni jike wakati fomu inasema dume, unafungua picha na kuona.

Kwa ndama waliokataa kabisa kushikwa, na kwa wenye ng'ombe ambao hawakupenda sindano, tulichukua nywele za mkia. Ni nywele 30 hadi 40, zing'olewe kwa mkupuo pamoja na mizizi, zitiwe kwenye bahasha ya karatasi. Zikikatwa kwa mkasi hazina mzizi, na bila mzizi unabaki na DNA ya mitokondria tu, ile ya ukoo wa mama. Bahasha ya plastiki huvundisha.

Damu ya kadi za FTA ni mikrolita 125 kwa kila duara. Zianikwe kivulini saa mbili au tatu, mbali na inzi, na zisifungwe kabla hazijakauka hadi katikati. Kadi mbichi ikifungiwa na silika huota ukungu kabla silika haijamaliza kazi. Ni bima nzuri kama barafu itaisha, lakini usitegemee kadi kwa jenomu nzima, kwani DNA yake ni kidogo na imekatikakatika.

Ijumaa: jani la springi

Njiani kwenda kijiji cha pili jani la springi la nyuma lilikatika kwenye korongo. Fundi alikuja kwa bodaboda kutoka senta iliyo karibu akiwa na jeki, misumeno na jani la gari jingine. Akalikata, akalitoboa, akalifunga. Shilingi 60,000 pamoja na usafiri wake, na kazi ilikula mchana mzima.

Tatizo halikuwa springi bali barafu. Damu yenye EDTA hukaa vizuri siku kadhaa kwenye nyuzi 4, hata wiki. Kwenye gari lililosimama juani, sanduku likifunguliwa kila mara, nyuzi 4 ni ndoto. Mama mmoja anayeuza juisi na barafu za watoto pale senta alitoa chupa zote za maji alizogandisha kwa ajili ya biashara ya kesho yake, akakataa kulipwa, akasema turudishe chupa tu. Zilirudi Jumamosi asubuhi, na kreti ya soda juu yake.

Chupa za barafu zizungushiwe magazeti ili mirija isigusane nazo moja kwa moja. Mrija ukigusa barafu damu huganda upande mmoja, chembe zikapasuka, na mrija wa kioo hupasuka wenyewe. Weka kipimajoto ndani, na uandike nyuzi asubuhi na jioni.

Kuna anayeshauri kuomba nafasi kwenye jokofu la zahanati. Usiombe. Lile ni la chanjo za watoto, na damu ya wanyama haina nafasi humo hata kidogo. Vituo vya afya vinaweza kukusaidia kwa jambo jingine: hospitali ya wilaya yenye tanuru ilipokea dumu letu la sindano zilizotumika na kulichoma bila malipo.

Jumamosi na Jumapili: Singida – Kahama – Biharamulo – Bukoba – Karagwe

Siku mbili za usukani. Mteremko wa Sekenke ushuke kwa gia, malori husimama ghafla. Chini yake ni mbuga za Wembere na joto hadi Igunga. Tulilala Biharamulo, gesti 20,000. Asubuhi mvua ndogo, kisha Muleba na migomba. Bukoba tulikula ndizi na sato wa kukaanga kwa shilingi 10,000, tukabadilisha barafu kwa muuza samaki, ambaye ana friza kubwa na anajua thamani ya baridi kuliko mtu yeyote njiani. Tukapita Kyaka, karibu na mto Kagera, na kufika Kayanga, Karagwe, jioni.

Kabla ya kuingia mkoa mwingine, osha magurudumu na buti na nyunyizia dawa. Ugonjwa wa miguu na midomo husafiri kwa tope, na magari ya wataalamu wa mifugo hupita mazizi mengi kuliko gari la mfugaji yeyote.

Jumatatu na Jumanne: Ankole

Hapa mbinu ya shingo inakwama. Pembe za Ankole zinaweza kuzidi mita moja kila upande, na hakuna njia ya kubania iliyojengwa kwa ajili yake. Ukilazimisha, pembe hunasa kwenye nguzo, ng'ombe huhangaika, na mtu aliye mbele yuko hatarini. Nenda nyuma. Inua mkia wima, pima sentimita 10 hadi 15 kutoka mzizi wake, tafuta katikati kwenye mfereji wa chini, sindano namba 20 iingie moja kwa moja katikati ya mifupa miwili, kisha irudi kidogo. Mkia ukiinuliwa vizuri ng'ombe hutulia, na msaidizi mmoja anatosha. Safisha kwa spiriti mara mbili, maana kinyesi ni bakteria, na DNA ya bakteria itasomwa na mashine pamoja na ya ng'ombe, ukailipia.

Wachungaji hapa humjua kila ng'ombe kwa jina na ukoo wa mama hadi bibi wa bibi. Mzee mmoja alisimulia ukoo wa majike tisa bila kusita, afisa mifugo akitafsiri kutoka Kinyambo, nasi tukigundua kwamba wanne kati yao wametoka kwa jike mmoja. Tukawaacha watatu. Ukoo wa baba ndio wenye giza, kwa kuwa madume huchanganyika malishoni. Pembe ndefu zisikudanganye pia. Kuna ng'ombe wenye pembe za fahari ambao bibi yao alihimilishwa Friesian. Uliza kuhusu maziwa: anayetoa lita nyingi kupita wenzake anahitaji swali la pili.

Ankole wanahesabiwa kati ya Sanga, mchanganyiko wa kale wa ng'ombe wasio na nundu wa Afrika na zebu waliotoka Asia. Utafiti wa mwaka 2020 uliosoma jenomu 172 za ng'ombe wa asili wa Afrika ulikadiria kuwa mchanganyiko mkubwa ulitokea kati ya miaka 750 na 1,050 iliyopita. Zebu waliingia hasa kwa madume, ndiyo maana hata ng'ombe mwenye nundu kubwa wa Mkalama kwa kawaida hubeba mitokondria ya ukoo usio na nundu. Anayepima mitokondria peke yake atadai kwamba zebu hawajafika Afrika Mashariki.

Kurudi, na siku za maabara

Njia ya kurudi ilikuwa ile ile, bila kusimama kazini. Kusafirisha sampuli ndani ya nchi kulihitaji barua za wilaya tu. Zikitoka nje ya nchi ni habari nyingine: kibali cha mifugo cha kuzitoa, kibali cha nchi inayopokea, na mkataba wa kuhamisha sampuli unaosema nani atazitumia na kwa kazi gani. Anza kuomba kabla ya safari.

Maabara, chukua mikrolita 200 za damu, ongeza 20 za proteinezi K (kimeng'enya cha kuyeyusha protini) na 200 za kemikali ya kupasua seli, nyuzi 56 kwa dakika 10, kisha ethanoli, kichujio, kuosha mara mbili, na kutoa DNA. Kichujio kikitoka bado kina rangi ya kahawia, himu, ile rangi ya damu, haijaoshwa na PCR itakataa. Osha tena. Pima mwanga unaofyonzwa na DNA: uwiano wa nanomita 260/280 uwe karibu 1.8, wa 260/230 ukishuka chini sana, chumvi za kuoshea zimebaki. Kipimo hicho cha mwanga peke yake huonyesha wingi kupita ukweli, kwa hiyo wingi wa kweli upimwe kwa rangi inayong'aa. Mwisho jeli ya asilimia 1, ambamo umeme huivuta DNA: mstari mmoja mzito juu ni DNA nzima, ukungu unaoshuka ni damu iliyopata joto. Mirija ya ile Ijumaa ya springi ilitoa mstari safi.

Chipu inayosoma alama 50,000 za DNA inataka nanogramu 200 tu, kwa kiwango cha 50 kwa mikrolita. Ni nafuu na inatosha kwa undugu na mchanganyiko, ila alama zake nyingi zilichaguliwa kwa kuangalia ng'ombe wa Ulaya. Utofauti wa ng'ombe wetu huonekana mdogo kuliko ulivyo. Jenomu nzima inaondoa tatizo hilo nusu, kwani bado vipande hupangwa juu ya jenomu ya marejeo, na ile iliyotangazwa mwaka 2009 ni ya jike mmoja wa Marekani wa Hereford, aina yenye asili ya Ulaya. Toleo la 2018 ni bora sana kwa ukamilifu, lakini ni jike yule yule. Kipande ambacho zebu anacho na Hereford hana hutupwa kama takataka. Kwa jenomu yenye herufi takriban bilioni 2.7 ikisomwa mara 30, tenga makumi ya gigabaiti kwa kila ng'ombe, na diski mbili, zisikae chumba kimoja.

Ukaguzi wa kwanza wa data siyo wa kisayansi, ni wa uhasibu. Toa walio na alama zilizosomeka chini ya asilimia 95. Linganisha jinsia ya kromosomu X na fomu. Tafuta jozi zinazofanana kabisa, hao ni mrija mmoja ulioingia mara mbili. Tafuta ndugu wa karibu, bakiza mmoja. Katika sampuli hizi jozi moja ya Karagwe ilijitokeza kama nusu ndugu kwa upande wa baba, jambo ambalo mzee hakuweza kulijua, na dume mmoja wa Mkalama alisomeka jike. Picha ya lebo ilionyesha jike kweli. Aliyejaza fomu ndiye aliyeweka alama kwenye kisanduku cha jirani.

Majibu ya kila mfugaji yameandikwa ukurasa mmoja kwa Kiswahili: ng'ombe wako ana sehemu kiasi gani ya asili gani, na kama ana damu ya kigeni. Nakala zinakwenda kwa maafisa mifugo wa kata ili zisomwe siku ya josho, na nakala moja ya orodha ya madume wasio ndugu itabaki kwao kwa ajili ya wanaotaka kubadilishana.